Nchi ya Makaburi Yenye Ngazi

Mama Tuzo hudai kwamba ipo nchi ambako mtu akiacha dhambi yake anaizika kabisa, kwa matanga na watu wa kulia, na kuanzia siku hiyo haimwashi tena. Anasema aliyefika huko ni mjomba wake, mchuuzi wa chumvi, mtu aliyekuwa akinywa mpaka mbuzi wake mwenyewe wakawa wanamkimbia. Alikwenda mlevi akarudi ananukia sabuni, na tangu aliporudi hakugusa hata togwa. Wapo wanaosema hakugusa kwa sababu alifariki wiki ile ile. Mama Tuzo huwajibu kwamba hiyo ni habari nyingine, wasimchanganyie.

Siku aliyoisimulia kwa kirefu alikuwa amekaa kwenye benchi la Eunike, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuja kuchukua gauni lake la kitenge, la buluu lenye njiwa weupe, ambalo angelivaa kwenye sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Alilijaribu, akavuta pumzi ndani, akajipigapiga ubavuni.

"Nimenenepa, mwanangu," akasema. "Kitambaa nilileta kingi, tena nilikipima mwenyewe. Mwili ndio umenisaliti. Basi, jioni sili tena mpaka sherehe ipite."

Eunike aliinama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Kitambaa kilikuwa kingi kweli, na Mama Tuzo hakunenepa hata kidogo. Kipande kilichopungua kilikuwa chumbani kwa Eunike, ndani ya gunia, pamoja na vipande vya watu wengine wengi: pindo la sare ya mtoto wa shule, kona ya shela la bibi harusi, ukanda wa suti ya mzee wa kanisa. Hakuviuza, na mara nyingi hata hakuvishonea kitu. Ila mkasi ukifika ukingoni mwa kitambaa kizuri, mkono ulizunguka wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni, na kipande kikaangukia mapajani.

Angekuwa mtu asiyemjua Mungu isingemuuma sana. Lakini Eunike alikuwa ameokoka kwenye mkutano wa injili wa mwezi wa saba, ameokoka kweli, kwa machozi, na furaha aliyoipata siku ile haikuwa ya kuigiza. Ndiyo maana alishangaa, juma halijaisha, alipokuta kipande cha mtu mapajani. Akatubu. Kikaanguka kingine. Akatubu tena. Ikafika mahali akawa anatubu huku anakikunja vizuri kisipate mikunjo.

Basi Mama Tuzo alipoondoka na gauni lake la kubana, Eunike alibaki akiiwaza ile nchi. Kilichomvuta ni lile neno, kwamba haimwashi mtu tena. Alifunika cherehani, akajitwisha gunia, akatia mkasi mkobani, akaenda. Njia yenyewe haina cha kusimulia, anayeitaka huiona.

Nchi hiyo inaitwa Ngazini. Ni nchi safi, ya watu wapole wanaopanda maua barazani. Nyuma ya kila nyumba pana kaburi lililo wazi. Si shimo la ovyo: limechongwa pembe nne, limefagiwa, kuta zake zimepakwa chokaa, na juu lina kijipaa cha nyasi ili mvua isimsumbue aliyelala. Na ndani ya kila kaburi imesimamishwa ngazi. Maskini wana ngazi za mianzi, wenye uwezo wana za mninga. Eunike alionyeshwa, kwa heshima kubwa, ngazi ya tajiri mmoja iliyowekewa hata kishikio, kwa sababu mwenye nyumba ana magoti mabovu na hataki kupata shida anaposhuka.

Salamu za huko ni hizi. Mtu akikutana na mwenzake njiani humuuliza, "Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Marehemu hajambo?"

"Hajambo, anashukuru. Ila jana alikohoa kidogo."

"Mpelekeeni uji."

Eunike alipokelewa na mjane aitwaye Bi. Sikitu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza na mkono usiochoka kupakua. Jioni ya kwanza, wakiwa wanachambua mchele, ndiye aliyemweleza mambo ya nchi.

"Mimi wangu ni umbea, mwanangu," alisema. "Nilimzika kwa heshima zote, watu walikula pilau mpaka wakafungua vishikizo. Sasa hivi simsemi mtu. Neno likinizidi nguvu nashuka kidogo, nalisema, napanda."

"Unamwambia nani huko chini?"

"Majirani. Nao wanashuka. Kaburi langu lina nafasi."

Eunike aliokota jiwe kwenye mchele, akaligeuza, akalitupa. "Kwa hiyo bado unasema, bibi."

"Mimi?" Bi. Sikitu alimtazama kwa upole kama anayemhurumia mgeni. "Mimi niko juu, mwanangu. Anayesema ni marehemu."

Na kweli, huko Ngazini hakuna mtu anayesemekana ameanguka. Mume akionekana anayumba njiani na kofia mkononi, watu husema amekwenda msibani. Binti akirudi kwa kijana aliyeapa kumwacha, mama yake huwaambia wageni kuwa ametoka kidogo, yuko msibani. Pembeni mwa kila kaburi pana beseni la maji na taulo safi, na mtu akipanda hunawa, na yeyote aliye karibu humwambia, "Pole kwa msiba," naye hujibu, "Nimeshapoa." Baada ya hapo si adabu kuuliza.

Mwenye mamlaka juu ya mambo haya yote ni Bwana Tahadhari, Msimamizi Mkuu wa Ngazi. Ni mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye kucha safi, anayezunguka na fundo la kamba la kupimia. Alikuja kumpima Eunike urefu ili achimbiwe kaburi la kumfaa. Eunike alimuuliza kwa nini hawafukii.

"Dada yangu," Bwana Tahadhari alisema akiikunja kamba, "tuseme umemzika, na umeridhika kuwa amekufa. Je, akizinduka? Utamwacha chini ya udongo akikwangua? Sisi si wanyama. Sheria yetu ni ya huruma: kaburi halifukiwi, na ngazi haiondolewi."

"Na kuna aliyewahi kufa moja kwa moja?"

"Tunangoja," alisema Bwana Tahadhari. "Hatuna haraka."

Si kwamba watu wa Ngazini hawafikiri. Wana mjadala mkali, umerithiwa kutoka kwa babu zao. Wapo wa Ngazi Fupi, wanaoshikilia kwamba ngazi ikiishia katikati ya shimo mtu atasita kabla ya kuruka, na kule kusita ndiko utakatifu. Wapo wa Ngazi Ndefu, wanaosema kuruka kunavunja miguu, na mtu mwenye mguu uliovunjika atakwendaje kanisani? Koo hizi haziozeshani. Wana vitabu, wana nyimbo. Eunike aliwasikiliza pande zote mbili kwa subira, akangoja mtu aseme habari ya kuitoa ngazi, wala hakumsikia.

Mazishi yake yalikuwa mazuri. Wanawake walilia kwa kupokezana. Mzee mmoja alisoma wasifu wa marehemu kana kwamba alilelewa naye. Mhubiri wao akafundisha kwamba neema ni pana, na ngazi ni sehemu ya upana huo. Gunia likateremshwa kwa kamba. Bwana Tahadhari alishuka mwenyewe, akaitikisa ngazi, akaridhika. Watu wakaimba, wakala, wakaondoka, na hakuna aliyeshika koleo.

Eunike alilala usingizi wa mtoto mchanga. Siku zilizofuata mkono ulitulia kabisa, akamshukuru Mungu, akaanza kuwashonea watu wa mtaa ule kulipia chakula chake. Halafu akaletewa kitambaa cha maua ya dhahabu, laini kama maji. Mkasi ulipofika ukingoni, ukazunguka.

Alikaa akikitazama kile kipande. Kisha akafanya kama wafanyavyo wenyeji: akaenda nyuma ya nyumba, akashuka. Chini alikuta mkeka, kigoda, na mtungi wa maji, wala hakukumbuka ni nani aliyeviweka. Akakitia kipande ndani ya gunia. Akakaa kidogo kwenye kigoda, maana palikuwa na ubaridi mzuri. Alipopanda, Bi. Sikitu alikuwa anaanika mboga.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Nimeshapoa, bibi."

Ikawa rahisi mno. Hakuhitaji hata kutubu.

Lakini Eunike alikuwa mtu wa kutazama. Fundi asiyetazama hushona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Aliona gunia linazidi kutuna. Aliona sahani za wali zinazoteremshwa jioni kwa ajili ya marehemu zinapanda tupu, na kila aliyepanda nazo anafuta midomo. Akaelewa kwa nini katika nchi nzima hajaona marehemu aliyekonda. Siku moja alijikuta ameshuka na kazi yake, anashonea kule chini, na akagundua hapakuwa na kipande chochote alichokuja kuweka. Alikuwa ameshuka kwa sababu alipazoea. Hapo ndipo alipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu afike: alifikiri, nitakuja kuzeekea humu, na juu watasema hajambo.

Juma hilo kulikuwa na baraza. Mshtakiwa alikuwa Onesmo, mwashi, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Zamani alikuwa mtu wa ngumi. Pua ya shemeji yake imepinda, na kila mtu anajua nani aliyeipinda. Kosa lake lilikuwa kufukia kaburi bila kibali na kupanda maboga juu yake.

"Ndugu Onesmo," Bwana Tahadhari alianza, "umefukia?"

"Nimefukia."

"Na ngazi iko wapi?"

"Nilipikia maharage."

Kicheko kikazuka nyuma, kikanyamazishwa.

"Ngazi iliyokaguliwa," alisema Bwana Tahadhari, kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Ndiyo maana iliwaka vizuri. Ilikuwa kavu."

Mzee mmoja wa Ngazi Ndefu akasimama na fimbo yake. "Mimi nina swali moja tu. Hasira zikikupanda, utashukia wapi?"

"Sina pa kushukia."

"Mmesikia wenyewe. Hana pa kushukia. Atapigana huku juu, mbele ya watoto wetu." Akakaa, watu wakamwitikia kwa vichwa.

"Au pengine mwenzetu ameshakuwa malaika," akasema mama mmoja wa Ngazi Fupi. "Tumletee mabawa."

"Hapana, mama," Onesmo alisema. "Juzi tu shemeji alinitukania mama yangu pale kisimani. Ngumi ikajikunja yenyewe. Miguu ikanichukua mpaka nyuma ya nyumba kama ilivyozoea, nikakuta maboga. Nikasimama pale kama mjinga. Nikasema, Bwana Yesu, ngumi ndiyo hii, na mimi sina pa kuipeleka, ishike wewe. Nikakaa papo hapo mpaka ikafunguka. Haikufunguka upesi. Boga moja nililikanyaga."

"Na kesho zikikujia tena?"

"Nitamwita tena. Hajaniambia namsumbua."

Bwana Tahadhari hakuwa mtu mbaya, na alitaka kummaliza kwa upole. "Ndugu yangu, unataja jina la Bwana, nasi tunalipenda. Lakini soma vizuri. Hata kaburi lake mwenyewe lilikutwa wazi asubuhi ile. Sisi tunafuata mfano wake. Wewe ni nani ufukie?"

Onesmo alijikuna shingo kwa muda mrefu, mpaka wengine wakadhani amekubali.

"Lile lilikutwa wazi kwa sababu hakukuwa na mtu ndani," alisema mwishowe. "Haya yetu yako wazi kwa sababu mtu yumo."

Jogoo wa jirani akawika, akaacha. Kisha mtu wa Ngazi Ndefu akauliza kama hoja hiyo inahusu urefu wa ngazi, akaambiwa hapana, na mjadala ukarudi mahali pake pa siku zote.

Hukumu ilitoka kabla ya chakula. Kwa kuwa sheria inadai ngazi katika kila kaburi, na kwa kuwa haisemi kaburi liwe na kina gani, ngazi mpya itasimamishwa juu ya maboga ya Onesmo, nayo itakaguliwa kila wiki. Wakaisimamisha siku hiyo hiyo, wakaifunga kwa vigingi isianguke, ikabaki inaelekea mawinguni bila kazi. Onesmo hakubisha. Maboga huwa yanatafuta pa kupandia, na haukupita muda mmea wa boga ulikuwa umeshaishika kwa vikono vyake.

Eunike alimfuata hapo, akamkuta anapalilia.

"Kaka, naomba niazime jembe."

"La kulimia au la kufukia?"

"La kufukia."

Onesmo alimpa, lakini hakuuachia mpini. "Ndani mna nini?"

"Gunia."

"La nini?"

"Vitambaa."

"Vyako?"

Katika mazishi yale yote, wakati wa vilio, wasifu na pilau, hakuna mtu aliyemuuliza Eunike swali hilo. "Vya watu," akasema.

"Sasa wewe umezika mali ya watu, dada," Onesmo alisema, bila kejeli. "Mimi ngumi zilikuwa zangu. Lakini pua ya shemeji sikuizika. Ile niliifuata kwake nikaiomba radhi."

"Akasemaje?"

"Hajanijibu mpaka leo. Nikimwona namsalimia."

"Na asipojibu kabisa?"

"Nitaendelea kumsalimia. Nitafanyaje?" Akauachia mpini.

Eunike alishuka kwenye kaburi lake kwa mara ya mwisho, akalifunga gunia kamba, akapanda nalo. Ngazi akaitoa, akailaza kwenye majani. Kisha akapiga magoti ukingoni. Alikuwa ameomba mara nyingi juu ya jambo hili, lakini sala yake siku zote ilikuwa, Bwana, uniangalizie mkono. Alikuwa akimfanya Mungu mlinzi wa getini, na mkono anabaki nao mwenyewe. Sasa alisema, "Bwana Yesu, uchukue mkono huu. Ulikufa kwa ajili yake na mimi nimekuwa nikiuletea chakula. Uchukue, uwe wako, hata ukiniwasha." Akanyanyuka, akafukia. Udongo ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mikono ya fundi cherehani haina sugu za jembe, ikachubuka.

Bwana Tahadhari alikuja akasimama pembeni na kamba yake. Hakupiga kelele. "Utajuta, dada yangu," alisema. "Siku ya shida utaitafuta ngazi."

"Najua, baba," Eunike alisema, akaendelea kufukia.

Shida haikuchelewa. Bi. Sikitu alikuwa na hariri ya zambarau aliyoihifadhi tangu ujana wake, na sasa aliitoa ashonewe gauni kabla mgeni wake hajaondoka. Eunike hakuwahi kuona kitambaa kama kile. Kilimwagika mezani kama kitu chenye uhai. Alichora kwa chaki, akakata mgongo, akakata mikono. Mkasi ukafika ukingoni, na mkono ukaanza kuzunguka.

Aliuweka mkasi chini. Miguu ikamchukua mpaka nyuma ya nyumba. Palikuwa na udongo mbichi uliosawazishwa, na nyayo zake mwenyewe juu yake, basi. Alitafuta kwa macho mahali pa kushukia, kweli alitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango anaoujua. Hakukuwa nao. Kwa muda alimchukia Onesmo na maboga yake. Akasema, "Bwana Yesu, mkono ni huu hapa, nilisema uuchukue," akasimama. Hakusikia sauti wala hakuona nuru. Kuku walikuwa wanachakura. Kile kitu kikampanda mpaka kooni, kikakaa, kisha, taratibu, kikaanza kushuka, kama maji ya mafuriko yanavyoondoka kwenye uwanja na kuacha matope. Alirudi mezani. Akakata ukingo ulionyooka.

Gauni lilipokwisha alilipeleka limekunjwa, na juu yake mabaki yote, hata utepe mwembamba kama unyasi.

"Hivi ni vya nini?" Bi. Sikitu aliuliza.

"Ni vyako, bibi. Vimebaki."

Bi. Sikitu aliviangalia bila raha. "Mwanangu, fundi gani anarudisha vipande? Watu wataniuliza vimetoka wapi. Wataanza kuwauliza mafundi wao." Akatazama nyuma ya nyumba, halafu akatazama kaburi lake mwenyewe na kijipaa chake cha nyasi. "Na wewe ukiwa hapa hata kushuka naona haya. Nenda kwenu, mwanangu. Sikufukuzi." Akamfungia chapati za njiani, nyingi, akamshika mkono muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa kuagana.

Eunike aliporudi nyumbani hakufunua cherehani. Alibeba gunia nyumba kwa nyumba. Mzee wa kanisa alicheka, akasema suti yenyewe ilishaliwa na mende, akaomba waombe pamoja. Mama wa mtoto wa shule alipokea pindo la sare bila neno, akafunga mlango. Bibi harusi wa siku ile, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, alimtukana mpaka majirani wakatoka, na Eunike alisimama akasikiliza mpaka mwisho, maana tusi lile lilikuwa na haki yake. Gunia likapungua. Mwisho kikabaki kipande kimoja, cha buluu chenye njiwa weupe, na nyumba moja, ile ya ukuta kwa ukuta.

Mama Tuzo alikuwa barazani, kwenye benchi, jikoni kwake moshi unafuka. Alikuwa amekonda. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na pete yake ameizungushia uzi isidondoke.

"Fundi," alisema, "walisema umehama. Nikawaambia amekwenda kule kwa mjomba. Ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Nilisema mimi. Wananiona mwongo. Na haiwashi tena, eti?"

"Inawasha," Eunike alisema. "Ila sina tena pa kushukia. Inapokuja namwita Yesu, naye ananishika."

Mama Tuzo alimtazama asielewe, akasogea kumpa nafasi. Eunike hakukaa. Alitoa kile kipande, akakiweka mapajani mwa mama yule, akamweleza, tangu mkasi ulivyozunguka hadi sindano ambayo haikuanguka. Hakutaja ibilisi wala udhaifu wa binadamu. Alisema, "Mimi ndiye niliyekikata."

Mama Tuzo alikikunjua. Akakiweka ubavuni mwake, mahali gauni lilipokuwa likimbana, akakishika hapo kwa kiganja. Kilienea sawasawa.

"Kwa hiyo sikunenepa," alisema.

"Hukunenepa, mama."

"Nimekuwa nikilala na njaa. Mpaka leo, jioni sili." Hakupandisha sauti. "Kwenye sherehe ya mwanangu nilisimama tangu mwanzo mpaka mwisho. Ningekaa lingechanika. Watu wakasema, mwone Mama Tuzo, ana furaha hata kukaa hawezi."

Eunike alipiga magoti pale chini, kwenye vumbi la baraza. Alitaka kulia, akaona kulia kutamfanya Mama Tuzo ambembeleze, akajizuia.

"Naomba unisamehe, mama. Na naomba jambo jingine, najua ni gumu. Kama una kitambaa ndani, niletee nikushonee. Nitakikatia hapa hapa kwenye benchi lako, wewe umekaa unatazama. Ukiona mkono unazunguka, useme."

Mama Tuzo hakumwangalia. Alikuwa anawanyoosha njiwa kwa kidole, mmoja mmoja, kana kwamba walikuwa wamelaliwa. Kisha akasimama, kipande mkononi, akaingia ndani.

Eunike alisikia mfuniko unafunuliwa, wala hakuweza kujua kama ni wa sufuria ya chakula au wa sanduku la nguo. Alitoa mkasi mkobani, akauweka kwenye benchi, mpini umeelekea mlangoni, akangoja.